Shajara ya mradi: kumaliza karatasi za siri zisifike kwa muuza karanga

Februari 2026, Jumamosi ya kwanza

Mradi umeanza leo. Chumba cha nyuma kimejaa maboksi mpaka usawa wa dirisha, na binti yangu anayengoja kuingia Senior 5, yaani kidato cha tano, anakitaka chumba chake. Nimepewa muda mpaka mvua za Machi. Tarehe hiyo imewekwa na mama watoto, kwa hiyo haina rufaa.

Yaliyomo ni karatasi za kliaringi. Nilikuwa wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda, na ofisi ilipofungwa mafaili yakahamia kwangu. Kabla nchi za Afrika Mashariki hazijaunganisha taratibu za forodha kuanzia 2014, na kabla kituo cha pamoja cha mpakani hakijazinduliwa 2018, kila lori lilivuka na bunda lake: entri (tamko la mzigo kwa forodha), ankara, orodha ya mzigo, barua ya mwenye mali ya kuniidhinisha, namba yake ya mlipakodi, fotokopi ya kitambulisho au pasipoti, fotokopi ya leseni ya dereva. Juu ya hayo kuna karatasi za nyumba yenyewe: stetimenti za benki, peislipu za mama watoto, vitabu vya hospitali, bili za umeme, mikataba ya nyumba tulizopanga tukahama.

Kila niliyemweleza mradi huu ameniuliza swali moja: si uzitupe tu? Mji huu hautupi karatasi. Karatasi nyeupe ya A4, hata iliyoandikwa pande zote mbili, ni bidhaa. Hupimwa kwa kilo, hununuliwa, na hugawanywa stendi nzima: karanga, mandazi, sumu ya panya, tumbaku, chumvi ya mawe. Nimewahi kununua karanga zikaja zimefungwa kwa stetimenti ya benki ya mtu, jina lake juu, akaunti yake chini, na salio ambalo lilinifanya nimheshimu. Wenzetu wa nchi nyingine wanamwogopa mwizi anayechakura mapipa ya taka. Hapa hakuna haja ya kuchakura, karatasi inakufuata mkononi na karanga ndani.

Na kilichomo katika fotokopi moja ya kitambulisho cha taifa ni kingi: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, picha, sahihi, na NIN, namba ya utambulisho wa taifa, ile yenye herufi na tarakimu 14 inayoanza na CM kwa mwanamume na CF kwa mwanamke. Kadi inaisha muda na kubadilishwa, lakini NIN haibadiliki, mtu anazikwa nayo. Laini ya simu inasajiliwa kwa NIN, na pesa za watu wengi wa hapa zinalala kwenye laini. Sijui wateja wangu wa zamani wako wapi, lakini namba zao zote ziko chumbani kwa binti yangu.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu aziharibu muda wa kuzitunza ukiisha, tena aziharibu kwa namna ambayo haziwezi kuunganishwa zikasomeka. Nimeiandika sehemu hiyo ya mwisho kwa kalamu nene na kuibandika ukutani. Njia yoyote tutakayoijaribu itapimwa kwa maneno hayo.

Jumapili

Tumetandika mkeka uani na kuchambua. Boksi moja lilikuwa limeshachambuliwa na mchwa, kwa uangalifu mkubwa: wamekula kingo na kuacha katikati, penye majina.

Kanuni tuliyoanza nayo ni ya kodi. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zikae miaka 5 baada ya kipindi zinachohusu kwisha. Mwaka wa kodi wa kwetu unaisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo cha kipindi kilichoishia Juni 2020 na nyuma yake kimemaliza muda tangu Juni 2025. Palipo na ukaguzi au kesi ambayo haijaisha, faili linabaki mpaka shauri limalizike, hata lingekuwa la zamani namna gani. Mikataba ya kawaida nimeiwekea miaka 6, kwa sababu huo ndio muda ambao mtu anaweza kukushtaki kwa mkataba. Madai ya ardhi ni miaka 12, lakini karatasi za ardhi sizipigii hesabu ya miaka kabisa. Hazitoki.

Hilo la ardhi nilieleze kidogo, maana binti aliuliza kwa nini karatasi chafu iliyoandikwa kwa mkono inabaki wakati faili zuri linaondoka. Mashamba mengi ya huku mashariki ni ya kimila, hayana hati kutoka ofisi ya ardhi. Ulichonacho ni makubaliano: karatasi ya daftari, sahihi za muuzaji na mnunuzi, majina ya majirani wa mipaka, muhuri wa LC 1, baraza la kijiji. Mashahidi wakifa, karatasi ile ndiyo shahidi aliyebaki. Imeingia kwenye bahasha ya nailoni, na bahasha imeingia kwenye sanduku la bati lisilofikiwa na mchwa.

Peislipu za mama watoto zinabaki pia. Mtu hujua kwamba mwajiri aliruka michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, siku anapokwenda kuchukua pesa zake, na hapo peislipu inayoonyesha makato ndiyo itakayomsemea. Anafikisha miaka 45 hivi karibuni, umri ambao tangu 2022 mwanachama aliyechangia miaka 10 anaweza kuomba sehemu ya akiba yake, mpaka asilimia 20. Amezihesabu peislipu mwenyewe na hakutaka msaada.

Vyeti vya shule vinabaki, bila mjadala. Karatasi za hospitali alizishika mama watoto peke yake, akazigawa mafungu mawili, akaniambia hili linabaki na hili linakwenda. Sikufungua hata moja. Katika nyumba kuna siri za kuficha watu wa nje, na kuna siri za kuwaachia wenyewe humo humo ndani. Sidhani mradi wa namna hii unaweza kwenda vizuri bila kukubaliana hilo mapema.

Likaja bunda la baba mkwe, fundi wa reli, East African Railways, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika 1977. Stakabadhi za mshahara, barua ya kuhamishiwa Tororo, kadi ya chama cha wafanyakazi. Siri yake imekwisha, mwenyewe amekwisha, na hakuna mwizi anayeweza kufanya kitu nazo. Ndiyo maana hasa hazichomwi. Ziko juu ya kabati, wajukuu waone mtu alilipwaje.

Ila kuna kapu moja ambalo sikutaka likae nje hata usiku mmoja. Wateja wengine, ili wasisafiri kuja mpakani kila mara, waliacha karatasi zenye nembo ya kampuni, zimetiwa sahihi na kupigwa muhuri, katikati patupu. Lori likifika, wakala anajaza barua. Kila aliyefanya kazi hii anazijua. Karatasi ya namna hiyo haina taarifa hata moja ya siri, na bado ni mbaya kuliko stetimenti kumi, kwa kuwa aliyenayo anaweza kuandika chochote na mwenye sahihi akajikuta amesema. Hizo zimelala chumbani kwetu chini ya godoro.

Jumanne

Jirani yetu anayeuza karanga amepita ukumbini akaona marundo.

"Mzee, nimesikia mnataka kuchoma karatasi. Mimi nanunua kwa kilo na wewe unachoma?"

"Mama, hizi zina majina ya watu."

"Watu gani wanasoma? Wanakula karanga, wanatupa."

Sikuwa na jibu zuri, kwa sababu anasema kweli: mia hawatasoma. Shida ni yule wa mia na moja. Lakini pia huwezi kumnyima jirani mzigo wa bure, halafu umwambie unauchoma mbele yake, na kesho ukamwomba chumvi. Tumemtafutia mbadala: magazeti ya zamani, vitabu vya mazoezi vya binti vya darasa la sita baada ya kuondoa majalada yenye jina, na rimu moja ya fomu tupu ambazo hazitumiki tena. Fomu tupu zimemfurahisha kuliko vyote, maana zina upande mmoja mweupe kabisa. Mama watoto amemwambia pia kwamba wino wa gazeti si kitu cha kugusana na chakula chenye mafuta. Akacheka, akasema karanga zake ni kavu.

Nimeandika hapa kama kanuni ya mradi: kinachoweza kutolewa kitolewe kwanza, ili kisichoweza kutolewa kisionekane uchoyo.

Jumamosi ya pili

Shemeji wa Tororo ametuazima shreda. Ni ile ndogo ya mezani inayokata vipande virefu vyembamba. Inameza karatasi chache kwa mara moja, ikipata joto inajizima, na pini za stepla haizitaki. Kwa hiyo kazi ya kung'oa pini imegeuka kazi ya familia nzima, jioni, redio ikiwa wazi.

Mashine hizi zina madaraja. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 66399, kilichochukuliwa baadaye kuwa kiwango cha kimataifa, kinazipanga kutoka P-1 mpaka P-7. Daraja la P-2 hukata ukanda usiozidi milimita 6 kwa upana. P-4 haitoi ukanda, inatoa kipande kisichozidi milimita za mraba 160, yaani kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. P-5 inashuka mpaka milimita za mraba 30. Ya shemeji ni ya ukanda, na kanda zake nimezipima kwa rula ya binti: milimita 6.

Tukafanya jaribio. Nilichukua barua ya zamani isiyo na siri, nikaandika namba ya kubuni ya tarakimu 14, nikaipitisha kwenye mashine, nikampa binti kanda zote zikiwa zimechanganywa. Nilimwekea soda kama zawadi. Chakula cha mchana kilikuwa hakijaiva alipokuja na namba yote, amezipanga kanda kwa kufuata mstari wa bluu wa nembo. Soda amekunywa.

Jambo alilogundua yeye ndilo la maana. Ukiingiza karatasi wima, kisu kinakatiza mistari ya maandishi na kila ukanda unabaki na herufi mbili tatu za kila mstari. Ukiiingiza kwa ubavu, kisu kinakwenda sambamba na mistari, na ukanda wa milimita 6 unatosha kubeba mstari mzima: jina, namba, na kiasi, vyote pamoja. Mtu anaweza kuharibu boksi zima kwa mashine na kuacha kila mstari salama. Sasa tunaingiza wima tu, na jedwali zilizochapishwa kwa ubavu tunazigeuza.

Hata hivyo ukanda haupiti kipimo cha ukutani. Ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipovamiwa 1979, karatasi zilizokuwa zimeshakatwa kanda ziliunganishwa tena kwa mikono, kwa subira, mpaka zikachapishwa vitabu. Polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki walirarua mafaili yao kwa mikono mwishoni mwa 1989, vipande vikajaa magunia maelfu, na Wajerumani wamekuwa wakiviunganisha miaka na miaka, mpaka wakatengeneza programu ya kompyuta ya kusaidia kazi hiyo. Najua hakuna dola inayotafuta ankara zangu za mchele. Lakini binti wa Senior 4 ametumia nusu asubuhi, na malipo yake yalikuwa soda.

Uamuzi: shreda ni hatua ya kwanza, si ya mwisho. Kanda zinakusanywa kwenye magunia na kungoja maji.

Jumapili ya pili

Moto. Tumeutumia kwa kapu lile la sahihi tupu na kwa karatasi za kaboni, basi.

Hizi za kaboni zinastahili maneno zaidi, kwa sababu watu wengi huzisahau. Vitabu vya kupokelea mizigo vya zamani vilikuwa na ile karatasi nyeusi katikati. Ukiiinua ukaielekeza kwenye jua, kila kilichoandikwa juu yake kinasomeka, kimechorwa kwa mwanga. Iliyotumika mara moja inasomeka vizuri kuliko nakala yenyewe. Ina nta, kwa hiyo maji hayaiwezi. Moto unaiweza sana.

Pipa letu ni la bati, limetobolewa matundu chini pembeni ili hewa iingie, na juu tumefunika wavu wa chuma. Wavu ni wa lazima: karatasi ikishika moto inakuwa nyepesi, inapaa ikiwa nusu imeungua, na upepo wa alasiri wa huku unavuma kuelekea barabarani. Tulichoma asubuhi mapema, jirani wakiwa wamearifiwa na nguo zao hazijaanikwa.

Nimeona mara nyingi watu wakitupa faili zima motoni na kuondoka. Faili haliungui hivyo. Moto unahitaji hewa, na kati ya karatasi zilizobanana hewa haipiti, kwa hiyo kingo zinakuwa nyeusi na katikati panabaki kama palivyokuwa, pengine hata pini haijabadilika rangi. Karatasi iingie moja moja, imekunjwakunjwa, na moto uwe unakula kabla hujaongeza nyingine. Ndiyo maana moto haufai kwa boksi nyingi. Mtu atasimama kwenye moshi mpaka macho yageuke pilipili.

Na jivu lenyewe si mwisho. Karatasi iliyoungua bila kuguswa inabaki shuka jeusi, na juu yake maandishi ya mashine yanang'aa kijivu. Binti alisoma jina la kampuni kwenye jivu. Wataalamu wa uchunguzi wa nyaraka wanasoma zaidi ya hapo, kwa mwanga ambao jicho halioni. Dawa ni kijiti na maji: koroga, ponda, mwagia, koroga tena, mpaka iwe uji mweusi. Kisha mgombani.

Kadi za plastiki na vitambulisho vilivyofanyiwa laminesheni havikuingia pipani. Moshi wa plastiki ya namna hiyo ni sumu kwa mtu na kwa jirani yake.

Katikati ya juma

Siku za risiti. Nusu ya karatasi zetu ndogo, zile za tokeni za umeme, za mashine za benki, za vituo vya mafuta, zimechapishwa kwa joto, bila wino. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto. Ukitaka kujua kama risiti ni ya aina hiyo, ikwaruze kwa ukucha; ikiacha alama nyeusi ndiyo yenyewe.

Zina mambo mawili. Moja, hufifia zenyewe. Risiti ambayo nilitakiwa kuitunza miaka 5 imekuwa karatasi tupu kwa mwaka na nusu. Sasa zile za kodi tunazitolea fotokopi siku ile ile. La pili, kemikali zinazotumika, BPA au ndugu yake BPS, hazitakiwi shambani wala kwenye karatasi ya kutumika upya. Kwa hiyo hazikuingia majini na nyingine. Zile zenye namba za akaunti tumezianika kwenye bati la moto mchana mpaka zikawa nyeusi zote, tukazikatakata, zikaenda na taka za manispaa. Binti aliifurahia njia hii kupita kiasi. Alitafuta risiti nyingine mpaka akazimaliza.

Vitabu vya hundi: viwili ni vya Greenland Bank, iliyofungwa 1999. Benki haipo, akaunti haipo, hundi haichukui hata senti. Sampuli ya sahihi ya marehemu kaka yangu, mwenye ardhi ambayo watoto wake wanaitegemea, ipo mara kadhaa kwenye vishina. Ndivyo nilivyomjibu aliyesema hizo hazina madhara. Zimekatwa na shreda wima, kisha majini.

Jumamosi ya tatu, na siku zilizofuata

Maji ndiyo yaliyofanya kazi kubwa, na hapa nitakaa kidogo.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana zilipokuwa zikikauka. Ukizirudishia maji na kuzipiga, zinaachana. Kiwandani ndivyo wanavyopata rojo la kutengeneza trei za mayai na tishu. Uani kwetu vifaa ni mapipa mawili ya plastiki, kinu cha zamani kilichopasuka mdomo, na mchi. Kinu cha jikoni kilikataliwa kabla sijamaliza kuuliza.

Karatasi za ofisi hazilowi upesi. Kiwandani hutiwa dawa ya kuzuia wino usisambae, na dawa hiyo hiyo inazuia maji. Karatasi nzima ililala pipani usiku kucha na asubuhi ilikuwa imelowa tu, maandishi yote mahali pake. Kanda za shreda, zikamwagiwa maji ya moto yenye sabuni ya unga kidogo, zililainika upesi zaidi. Kwa hiyo mashine ya shemeji haikupoteza umeme bure: inafungua kingo nyingi za kuingiza maji.

Usizidishe siku. Pipa la kwanza tuliliacha kwenye jua tukisubiri mchi utengenezwe, likaanza kunuka kama bwawa. Halikuharibika, lakini mama watoto alisema maneno. Usiku mmoja au miwili yatosha, kisha kinuni.

Kupiga ndiko kunakomaliza siri. Wino wa kalamu ya biki hauyeyuki kwa maji, na tona ya printa ni plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi, nayo haiyeyuki. Zote mbili zinabaki, ila herufi inakosa mahali pa kukaa nyuzi zikiachana. Kipimo chetu: chota ngumi ya rojo, tandaza kwenye chujio la chai, angalia dhidi ya mwanga. Ukiona silabi, rudisha kinuni. Ukiona nukta nyeusi kwenye kijivu, imepita. Binti ndiye mkaguzi na hana huruma.

Karatasi za kung'aa, majalada magumu yenye plastiki, bahasha zenye dirisha na utepe wa gundi havigeuki rojo. Vinaelea, na unavichukua kwa mkono. Ni afadhali kuvitoa wakati wa kung'oa pini.

Rojo tulianza kulimwaga shimoni, kisha muuza makaa wa kona akasema vumbi lake la makaa hana pa kulipeleka. Tumechanganya: vumbi jingi, rojo kidogo la kushikilia, maji yakakamuliwa kwa gunia, tukafinyanga madonge na kuyaanika juu ya bati. Jua la Februari limeyakausha kwa siku kadhaa. Yanawaka polepole, yanatoa moshi mwanzoni, na joto lake linakaa. Tunachemshia maji ya kuoga nje. Kuchomea nyama juu ya tona ya watu sitaki. Muuza makaa amechukua yaliyozidi, na jirani wa karanga amekuja kuomba yake. Amepewa bila maneno, na ninafikiri suala la kilo limekwisha.

Mwisho wa Februari

Chumba kinaonekana sakafu. Binti ameshapima pa kuweka kitanda.

Mihuri ya mpira ya ofisi nilikuwa nimeisahau kwenye droo. Si karatasi, lakini muhuri mmoja unarudisha uhai wa karatasi zote tulizozipiga kinuni. Nimebandua mpira, nikaukata kwa wembe kupitia jina, mti umebaki kuwa mchezo wa mtoto wa jirani. Kadi za benki zilizokwisha muda zimekatwa kupitia chipu na kupitia ule utepe mweusi wa nyuma, vipande vikagawanywa kwenye mifuko tofauti ya taka. Pasipoti zetu za zamani, zile ambazo Uganda iliacha kuzitumia 2022 baada ya kuleta za kielektroniki za Afrika Mashariki, hazikukatwa. Pasipoti ni mali ya serikali, na moja ina viza ambayo bado inahitajika kwa kumbukumbu. Zimeingia sanduku la bati.

Mafaili machache yana nakala halisi za wateja, si fotokopi: vyeti vya usajili wa kampuni, na kadi ya gari ya mtu. Hizo si zangu kuharibu. Ninawapigia simu mmoja mmoja. Mmoja amefurahi kama aliyefufuliwa, mwingine amesema niichome tu, nikamwomba aniandikie ujumbe unaosema hivyo kabla sijagusa.

Binti alipendekeza tupige picha kila kitu kwa simu kabla ya kukiharibu. Nimekataa kwa yaliyo mengi. Picha inapanda yenyewe kwenye akaunti ya intaneti, inatumwa WhatsApp kwa bahati mbaya, simu inaibwa kwenye boda, na chumba kizima kimetoka nje mfukoni mwa mtu. Tumepiga picha makubaliano ya shamba na peislipu tu, zikawekwa kwenye flashi iliyofungwa kwa nywila, flashi ikakaa kwa shangazi.

Utaratibu mpya wa nyumba, ulioanza kufuatwa juma hili: bahasha ikifunguliwa, sehemu yenye jina na namba inachanwa na kwenda kwenye ndoo ya maji iliyo nyuma ya jiko, iliyobaki, kama ni safi, inakwenda kwa jirani. Ukienda dukani kutoa fotokopi ya kitambulisho, zile zilizotoka vibaya unaondoka nazo. Wenye duka huziweka chini ya meza, na mwisho wa mwezi huziuza kwa kilo. Nakala unayompa mtu, andika juu yake kwa kalamu, kukatiza picha, ni ya kazi gani na ya tarehe gani.

Yaliyobaki: maboksi ya kuanzia Julai 2020, yamepangwa kwa mwaka, kila moja limeandikwa mwaka wa kutoka. La kwanza linatoka Julai hii. Shreda inarudi Tororo Jumatatu, imesafishwa na kutiwa tone la mafuta. Kompyuta ya zamani ya ofisi iko chini ya meza bado, na diski yake haitaingia kinuni. Nimemuuliza fundi wa mtaani bei ya kuitoboa, naye anataka kwanza kujua kuna nini ndani.